Uga wa sumaku wa Mshtarii haujatulia

Mwaka 1955 wanasayansi wawili wa Marekani, Bernard Burke na Kenneth Franklin, walikuwa wakisikiliza anga kwa antena zilizotandazwa shambani katika jimbo la Maryland. Walikuwa kwenye masafa mafupi, megahezi 22.2, si mbali na mahali ambapo idhaa za kimataifa hurusha matangazo yao. Katika rekodi zao ukawa unajitokeza mkwaruzo uliokuja na kupotea, na mwanzoni walidhani ni kelele za umeme za jirani tu. Walipofuatilia siku hadi siku wakagundua kwamba mkwaruzo ule unahama angani sambamba na sayari ya Mshtarii. Basi miaka 18 kabla ya chombo chochote kufika huko, redio ilikuwa imeshatoa dokezo kwamba sayari hiyo ina uga mkubwa wa sumaku, maana mawimbi ya namna ile hutolewa na elektroni zinazozungushwa na uga wa sumaku. Leo hakuna anayebishania kuwapo kwa uga huo. Linalobishaniwa ni kama unabaki vilevile miaka nenda miaka rudi au unageuka, na kama unageuka, kuna faida gani kulijua hilo. Mimi nashikilia kwamba unageuka, kwamba kugeuka huko kumepimwa, na kwamba badiliko lenyewe, japo dogo, linatupa habari za tumbo la sayari ambazo nguvu ya uga peke yake isingetupa. Nashikilia pia kwamba sayari nyingine kubwa zinapoonekana kimya, tusikimbilie kusema zimetulia.

Tuanze na chanzo cha uga wenyewe. Mshtarii haina ardhi ya kukanyaga. Sehemu yake kubwa ni hidrojeni na heliamu, na kadiri unavyoshuka ndivyo mgandamizo unavyozidi. Mgandamizo ukipita mara milioni moja ya ule wa hewa tunayovuta hapa duniani, hidrojeni huanza kupitisha umeme, na chini zaidi inakuwa kama chuma kilichoyeyuka. Majimaji hayo hayatulii: joto linapanda kutoka ndani, na sayari yote inajizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10. Kanuni inayofanya kazi hapo ni ileile ya dainamo ya baiskeli, kwamba pakiwa na mwendo baina ya sumaku na kitu kinachopitisha umeme, mkondo wa umeme huzaliwa. Ila dainamo ya baiskeli imetiwa sumaku ya kudumu kiwandani, na sayari haina sumaku ya kudumu. Mkondo unazaa uga, uga unasaidia kuzaa mkondo mwingine, na mwendo wa majimaji ukikoma uga nao utafifia hadi uishe. Kwa hiyo uga wa sayari ni kazi inayoendelea kufanyika. Tena majimaji yanayopitisha umeme vizuri huukokota uga yanakokwenda. Kwa kanuni hizo, cha kushangaza kingekuwa uga usiobadilika kabisa. Lakini jambo kutarajiwa ni moja na jambo kuthibitishwa ni jingine, na uthibitisho ulichukua muda mrefu.

Hata kwa dunia yetu ulichukua muda. Mwaka 1580 William Borough alipima, huko Limehouse karibu na London, ni kiasi gani sindano ya dira inapotoka kwenye kaskazini ya kweli. Akapata nyuzi 11 na robo upande wa mashariki. Mwaka 1622 Edmund Gunter akapima katika vitongoji vya mji huohuo na kupata nyuzi 6 hivi. Mwaka 1634 Henry Gellibrand akapata takriban nyuzi 4. Jibu jepesi lilikuwa kusema kwamba Borough alikosea, kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa vya zamani na wakati wake mtu angeweza kupotoka kidogo bila kujua. Lakini kipimo cha kwanza, cha pili na cha tatu vilikuwa vikielekea upande mmoja kwa mpangilio, na kosa la bahati mbaya halina mpangilio wa namna hiyo. Mwaka 1635 Gellibrand akachapisha hitimisho lake kwamba upotovu wa dira unabadilika kwa wakati. Nautaja mfano huu kwa sababu mzozo uleule, na pingamizi zilezile, vimerudi karne nne baadaye kuhusu sayari iliyo mamia ya mamilioni ya kilometa kutoka hapa.

Vipimo vya kwanza vya karibu vya uga wa Mshtarii vililetwa na Pioneer 10 mnamo Desemba 1973, kikafuata chombo cha Pioneer 11 mwaka mmoja baadaye, Voyager 1 mwaka 1979 na Ulysses mwaka 1992. Vyote vilikuwa wapita njia: vilikatiza mara moja, vikapima kwenye mstari mwembamba wa safari yao, vikaondoka zao. Watafiti walijaribu kuvilinganisha, na majibu hayakuwa ya kukata shauri. Hali ilibadilika baada ya Juno, chombo cha shirika la NASA kilichorushwa Agosti 2011 na kuingia kwenye mzingo wa Mshtarii tarehe 4 Julai 2016. Juno kinapita juu ya ncha zote mbili, kinashuka hadi kilometa 4,000 hivi juu ya mawingu, kisha kinarudi tena na tena, kila mara juu ya longitudo tofauti, mpaka sayari nzima ikazungukwa na wavu wa vipimo.

Inafaa kukitazama kifaa chenyewe kwa karibu, kwa sababu uzito wa hoja unaanzia hapo. Chombo chochote kimejaa nyaya, mota na vyuma vyenye usumaku wao, na usumaku huo unaweza kuchafua kipimo. Kwa hiyo vihisi vya Juno vimewekwa kwenye ncha ya bawa moja kati ya mabawa yake matatu ya sola, kimoja mita 10 kutoka katikati ya chombo na kingine mita 12. Usumaku wa chombo hupungua haraka kwa umbali, kwa hiyo hauwezi kuwa sawa kwenye vihisi vyote viwili. Uga wa sayari, kwa umbali wa mita 2 tu, ni sawa. Tofauti baina ya vihisi ndiyo inayofichua uchafu. Halafu kando ya kila kihisi zimefungwa kamera ndogo zilizotengenezwa Denmark, zinazotazama nyota muda wote ili ijulikane kihisi kimeelekea wapi hasa, maana chombo kinajizungusha mara 2 kila dakika na bawa refu linaweza kupinda kidogo. Kujua nguvu ya uga bila kujua uelekeo wake ni kujua nusu ya jambo.

Ramani iliyotokana na vipimo hivyo ilifichua kitu ambacho hakikutarajiwa. Karibu na ikweta kuna eneo moja ambamo uga unaingia ndani ya sayari kwa nguvu nyingi kuliko majirani zake wote. Wataalamu wakaliita Doa Kuu la Buluu, kwa rangi iliyotumika kuchora ramani. Kwa macho halionekani, na wala halihusiani na lile Doa Kuu Jekundu ambalo ni dhoruba ya mawinguni. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Kimberly Moore wa Chuo Kikuu cha Harvard lilichukua ramani ya Juno na kuuliza: uga huu ungekuwa hivi tangu mwaka 1973, Pioneer, Voyager na Ulysses vingepima nini? Jibu halikulingana na vilichopima. Kisha wakauliza swali la pili: itakuwaje tukichukulia kwamba uga umekuwa ukisukumwa polepole na zile pepo zinazovuma mashariki na magharibi kuizunguka sayari? Hapo vipimo vya zamani vikakaa vizuri zaidi mahali pake, na badiliko kubwa kuliko yote likaonekana palepale kwenye Doa Kuu la Buluu. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba doa hilo linasogea kuelekea mashariki kwa sentimeta 4 hivi kwa sekunde, mwendo ambao mtoto anayetambaa anaupita, na kwa kasi hiyo litaizunguka sayari kwa miaka 350 hivi.

Sasa linganisha. Pepo za mawinguni karibu na ikweta ya Mshtarii huvuma kwa mita 100 kwa sekunde, yaani kilometa 360 kwa saa. Chini, uga unapoanzia, mwendo umebaki sentimeta chache. Hapo ndipo badiliko linapotufundisha jambo, kwa sababu linatupa kipimo cha upepo mahali ambapo hakuna kamera itakayofika. Uchunguzi mwingine, uliopima mvuto wa sayari na si usumaku wake, ulionyesha mwaka 2018 kwamba pepo zinashuka hadi kina cha kilometa 3,000 hivi, kisha zinadhoofika. Kina hicho kinakaribiana na pale hidrojeni inapoanza kupitisha umeme kwa kiasi cha kutosha, na upepo unaokatiza uga wa sumaku ndani ya kitu kinachopitisha umeme hukumbana na breki. Njia mbili zisizotegemeana zimefika mlango mmoja. Kumbe anga ya Mshtarii na tumbo lake havitenganishwi na ukuta. Kuna ukanda ambamo upepo na sumaku vinavutana, na Doa Kuu la Buluu linaburutwa na kunyambuliwa ndani yake.

Msikilizaji makini atakuwa na pingamizi, na anayo haki. La kwanza ni lile la Borough: vifaa vya mwaka 1973 havikuwa sawa na vya leo, basi huenda tofauti yote ni ubovu wa vipimo vya kale. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo sababu watafiti hawakuridhika kuona kwamba namba mbili zinatofautiana. Nguvu ya hoja imo katika mpangilio wa tofauti hizo. Makosa ya vyombo vinne, vilivyojengwa nyakati mbalimbali na kupita njia mbalimbali, hayana sababu ya kukubaliana na mwelekeo wa pepo za Mshtarii.

La pili ni gumu zaidi, nalo linahusu saa. Mshtarii haina mlima wala kisiwa cha kuwekea alama, hivyo longitudo zake zinahesabiwa kwa muda wa kujizungusha uliopatikana kwa mawimbi ya redio, saa 9, dakika 55 na sekunde 29.7 hivi. Katika miaka 45 iliyopo baina ya vipimo vya Pioneer na ramani ya Juno, sayari imejizungusha karibu mara 40,000. Tukikosea muda huo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde tu, makosa yatajumlishana hadi sekunde 400, na ramani nzima itateleza kwa nyuzi 4. Je, tunachokiita badiliko si kosa la saa tu? Jibu ni kwamba saa ikikosea, kila kitu kinateleza pamoja kwa pembe moja, ncha, mikanda na madoa. Kilichoonekana ni doa la ikweta kusogea kuhusiana na uga uliobaki. Hilo halirekebishwi kwa kugusa saa, na maelezo ya upepo yamekubaliana na vipimo kuliko maelezo ya kurekebisha saa peke yake.

La tatu linatoka nje ya sayari. Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, una volkano zinazomwaga angani karibu tani moja ya gesi kila sekunde. Gesi hiyo hupata chaji, husambaa kuwa sahani kubwa inayozunguka sayari, na mikondo ya umeme ndani ya sahani hiyo ina uga wake unaobadilikabadilika. Mtu anaweza kudai kwamba tunaona matata ya Io na kuyaita mabadiliko ya tumbo la Mshtarii. Lakini Juno kinapopita karibu na mawingu, uga unaotoka ndani ni mkubwa kiasi kwamba mchango wa mikondo ya nje unabaki kuwa sehemu ndogo sana, na mikondo hiyo ya mbali haiwezi kuchora doa moja dogo lenye kingo karibu na ikweta. Kadiri kitu kinavyochora umbo dogo na kali, ndivyo lazima kiwe karibu.

Pingamizi la nne ndilo linalopendwa zaidi: kama sayari kubwa hubadilika hivi, mbona Zohali haionyeshi kitu? Ni kweli kwamba Cassini, kilichoizunguka Zohali kuanzia 2004 hadi Septemba 2017, hakikupata badiliko la wazi ukilinganisha na vipimo vya Pioneer 11 na vya Voyager. Lakini tazama umbo la uga wa Zohali. Mhimili wake wa sumaku na mhimili wa kujizungusha vimelingana mno. Tofauti yake haifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi, wakati kwa Mshtarii ni nyuzi 10 hivi. Uga wa Zohali unafanana pande zote ukiizunguka sayari. Sasa upepo unaovuma mashariki au magharibi utasogeza nini? Utachukua kipande cha uga na kukiweka mahali palipokuwa na kipande kilekile. Mwendo upo, lakini hauachi alama. Kwa hiyo ukimya wa Zohali unatuambia kwamba hakuna doa la kufuatilia. Hautuambii kwamba chini kumelala. Tena mwanahisabati Thomas Cowling alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba uga wenye ulinganifu kamili wa namna hiyo hauwezi kujiendesha wenyewe, jambo linaloashiria kwamba msukosuko upo ndani zaidi, umefunikwa na tabaka linaloulainisha kabla haujafika juu.

Zohali inatupa na onyo ambalo mtetezi wa hoja yangu hapaswi kulikwepa. Voyager vilihesabu muda wake wa kujizungusha kwa redio vikapata saa 10 na dakika 39. Cassini kilipofika kikasikia dakika 45. Sayari nzito kiasi hicho haiwezi kuchelewa dakika 6 ndani ya miongo miwili; kilichobadilika ni mikondo ya juu inayotoa mawimbi hayo. Mtu angeweza kutangaza kwa furaha kwamba tumbo la Zohali limebadilika, na angekuwa amepotea njia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba si kila badiliko linalopimwa ni badiliko la dainamo. Kwa Mshtarii tuna bahati: uga wake umeinama vya kutosha kuwa alama yenyewe, na saa yake ya redio imebaki imara tangu ilipoanza kuhesabiwa.

Kwa Uranus na Neptuni hali ni ya umaskini wa ushahidi. Kila moja imetembelewa mara moja tu, na Voyager 2, Januari 1986 na Agosti 1989. Vilivyoonekana vilikuwa vya ajabu: uga wa Uranus umeinama karibu nyuzi 59 kutoka mhimili wa kujizungusha, wa Neptuni nyuzi 47, na wala hauanzii katikati ya sayari. Lakini kipimo kimoja hakisemi lolote kuhusu badiliko. Muda wa Uranus kujizungusha uliotolewa na Voyager 2 ulikuwa na shaka ya sekunde 36, ambayo inatosha kukupotezea hesabu ya longitudo baada ya miaka mitatu na kitu. Ilibidi kusubiri darubini ya Hubble ifuatilie mianga ya ncha za Uranus kuanzia 2011 hadi 2022, na matokeo yaliyochapishwa 2025 yakaongeza sekunde 28 kwenye muda ule wa zamani. Anayesema leo kwamba uga wa Uranus umebadilika au haujabadilika anasema kwa kubahatisha.

Mwisho kuna wanaosema miaka 45 ni kufumba na kufumbua katika maisha ya sayari ya miaka bilioni 4.5, hivyo haifai kujenga jambo kubwa juu yake. Nakubali sehemu ya kwanza. Kwa vipimo hivi hatuwezi kujua kama uga wa Mshtarii umewahi kupinduka, kaskazini ikawa kusini, kama wa dunia ulivyofanya mara ya mwisho miaka 780,000 hivi iliyopita; sisi tuna miamba iliyohifadhi kumbukumbu hiyo, Mshtarii haina mwamba. Lakini kujua kasi ya leo hakuhitaji kujua historia yote. Tena Juno kimeonyesha kwamba hata miaka michache inatosha kuleta habari mpya: mwaka 2024 Jeremy Bloxham na wenzake walieleza kwamba mwendo wa Doa Kuu la Buluu wenyewe hauko sawasawa, unaongezeka na kupungua kama wimbi lenye mzunguko wa miaka 4 hivi. Wimbi la namna hiyo linategemea nguvu ya uga uliofichika ndani, kule ambako ramani ya juu haifiki. Badiliko limeanza kutupa kipimo cha kitu kingine.

Kutokana na hayo naona mambo mawili. Kwanza, takwimu za Pioneer, zilizochukuliwa wakati kompyuta zilikuwa na uwezo mdogo mno, zimepata thamani yake kubwa baada ya nusu karne, kwa sababu tu kuna aliyezitunza. Anayepima leo anamfanyia kazi mtu ambaye hajazaliwa. Pili, kamati ya wanasayansi wa Marekani iliyopendekeza mwaka 2022 kwamba chombo kikubwa kijacho kiende kuizunguka Uranus ilikuwa na sababu nzuri kuliko udadisi, maana bila kipimo cha pili kile cha 1986 kitabaki yatima. Mabaharia walishajifunza hili zamani: kwenye ramani ya bahari, kando ya upotovu wa dira, huandikwa mwaka uliopimwa na kiasi unachobadilika kila mwaka, ili nahodha asiamini namba iliyopitwa na wakati. Ramani za uga wa Mshtarii sasa zinastahili kuandikwa vivyo hivyo, na za Uranus na Neptuni zichapwe zikiwa na tarehe yake kubwa na nafasi tupu ya kipimo kitakachofuata.